Tunajua Kusindikiza, Sasa Tujifunze Kupokea

Mtoto wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, akipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, hata kama ni ya muhula mmoja tu, habari hiyo hailali nyumbani kwao. Jioni ileile mama mboga ameisikia. Jumapili mchungaji anaitangaza kanisani. Wiki haijaisha, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, lina mwenyekiti, katibu na mwekahazina, na majina ya waliotoa yanasomwa kila usiku. Kamati hukutana sebuleni kwa mtu, iwe ni Jericho, Maringo, Umoja au Kayole, viti vimeazimwa kwa jirani na chai imechemshwa kwenye sufuria ya sherehe. Mjomba anaahidi nusu ya nauli. Chama cha akina mama kinaongeza. Mwenye duka ambaye hana pesa za kutoa anatoa sanduku. Siku ya safari matatu nzima inakodishwa mpaka uwanja wa ndege wa Embakasi, na pale uwanjani utakuta ukoo mzima umemzunguka msafiri mmoja, wengine wanaomba, wengine wanalia, wengine wanapiga picha.

Kusindikiza hakujatushinda. Kinachotushinda ni siku anaporudi. Muhula ukiisha, wanaokwenda kumlaki ni wawili watatu. Usiku huo kuna kuku na chapati, zawadi zinagawanywa, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Haiundwi kamati ya kumsikiliza. Haulizwi alichokiona wala alichojifunza, zaidi ya kuulizwa kama kule kuna baridi kweli. Baada ya muda mfupi, kijana ambaye ploti nzima ilimchangia anakaa na maarifa ambayo hakuna aliyemwomba. Watu husema ametoka majuu, na maneno yanaishia hapo.

Naiona hiyo kuwa hasara kubwa, na si hasara yake peke yake. Waliochanga walinunua kitu, halafu hawakukidai. Uchungu wake unazidi kwa sababu mitaa hii ndiyo iliyoionyesha Kenya nzima faida ya mtu kwenda kusoma mbali na kurudi.

Aliyerudi Ziwani

Kabla hajawa waziri, Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, na aliishi Ziwani, mtaa wa nyumba za baraza ulio karibu na Kariokor. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, na mwaka huohuo akaenda Uingereza kusoma katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford, ambacho kiliasisiwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi. Alikaa huko mwaka wa masomo mmoja. Akiwa huko aliandika kijitabu kuhusu suala la Kenya, kikachapishwa London. Alipomaliza alizuru Marekani, kisha akarejea nyumbani mwishoni mwa 1956.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Miaka miwili kabla, Aprili 1954, majeshi ya Waingereza yaliizingira mitaa hii katika operesheni iliyoitwa Anvil, yakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Vyama vya siasa vya kitaifa vilikuwa vimepigwa marufuku. Sauti kubwa ya Mwafrika iliyosalia ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi.

Mboya hakurudi mahali patupu. Ofisi ya chama ilikuwa inamngoja, ina wanachama, madai na mafaili. Kulikuwa na kumbi za mitaa ambako watu walikuwa na kiu ya kusikia hotuba, ukiwemo ule wa Kaloleni, ambao wenyeji waliupa jina la bunge la Waingereza kwa jinsi siasa zilivyochacha ndani yake. Na kulikuwa na uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kuwapigia kura wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mboya alikipata kiti cha Nairobi kwa kumshinda wakili Argwings-Kodhek, ambaye naye alikuwa amesomea Uingereza.

Kipaji chake kilikuwa kikubwa, lakini kipaji peke yake hakielezi mambo kwenda kasi hivyo. Alichojifunza Oxford kilipata kazi wiki ileile aliyorudi, kwa sababu kulikuwa na watu waliojua wanamtaka kwa lipi.

Miaka mitatu baadaye alitaka wengine wapate alichokipata. Nafasi za shahada zilikuwa chache mno: Makerere ilihudumia Afrika Mashariki yote, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba ufadhili wa masomo. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango ya nauli. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka.

Waliondokea Embakasi, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari. Mkazi wa Pipeline au wa Nyayo Estate anayesikia ndege usiku kucha anaishi kando ya historia hiyo. Kwenye ndege ya 1959 alikuwemo Pamela Odede, aliyekwenda chuo cha wanawake huko Ohio. Alirudi, na Januari 1962 akafunga ndoa na Mboya. Tukumbuke pia kwamba nyuma ya viti vingi kulikuwa na familia iliyouza mifugo na kijiji kilichoandaa karamu ya mchango. Kamati zetu za leo ni vitukuu vya kamati zile.

Aliyefungiwa mlango

Katika safari za 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyekwenda Atchison, Kansas, kusomea baiolojia. Tunamjua kama Wangari Maathai. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964, akaongeza ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwanzoni mwa 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua ya kuahidiwa kazi ya utafiti katika chuo kikuu. Amesimulia katika tawasifu yake kwamba alipofika kuripoti aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Aliamini chanzo kilikuwa kabila lake na jinsia yake.

Hebu tulifikirie hilo kidogo. Mwanamke kijana, mwenye shahada mbili wakati wanawake wa aina hiyo walihesabika, amerudi kwa hiari, na hana mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi. Kilichomwokoa ni kwamba mlango mwingine ulifunguka. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, alimwajiri. Mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Hadithi yake inaingia Eastlands kwa njia ambayo wengi wetu tumeisahau. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Baraza la Kitaifa la Wanawake liliandamana kutoka ukumbi wa KICC hadi bustani ya Kamukunji. Pale ikapandwa miti saba ya kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vuguvugu la kupanda miti la Green Belt, kazi iliyompatia Wangari Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Leo maelfu ya watu wanapita Kamukunji kila siku wakielekea Gikomba na soko la jua kali bila kujua.

Baraza la wanawake ndilo lililomsikiliza. Wanawake wa mashambani walikuja kwenye mikutano wakaeleza kwamba kuni hazipatikani, maji yanapungua na chakula cha watoto hakitoshi, na yeye mwenye elimu ya viumbe akajibu kwamba miti inaweza kupandwa. Wao ndio walioleta shida, yeye akaleta ujuzi. Bila mikutano ile, ujuzi wake ungebaki maabara.

Muhula mmoja wa leo

Safari za siku hizi ni fupi zaidi. Mwanafunzi wa chuo cha hapa anakwenda muhula mmoja Ujerumani, Uturuki, China au Afrika Kusini, kisha anarudi kumalizia shahada yake nyumbani. Wafadhili wapo, lakini anayejitegemea hana budi kujipanga: tangu 2024 Ujerumani inamtaka mwanafunzi anayejigharamia aonyeshe yuro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu kabla ya kupewa viza. Hakuna mshahara wa karani wa Makongeni unaofika hapo bila kushikwa mkono.

Nami nilikwenda hivyo, kwa ufadhili na kwa mchango wa watu wa Jericho, kwa muhula wa baridi katika mji wa Freiburg, kusini mwa Ujerumani. Nisimulie jinsi muhula unavyokwisha, kwa sababu wengi hudhani ni kufunga mizigo tu. Mihadhara inaisha katikati ya Februari, na mitihani inafuata. Unakwenda ofisi ya mji kujiondoa kwenye orodha ya wakazi. Unafunga akaunti ya benki. Unasugua oveni mpaka ing'ae, kisha msimamizi wa nyumba anakuja na karatasi yake, anapitisha kidole juu ya kabati, anawasha na kuzima kila taa, anahesabu funguo. Sufuria na blanketi unamwachia mwanafunzi anayeingia. Usiku wa mwisho unapima sanduku na kulipima tena lisizidi kilo 23, ukiamua kitabu gani kibaki ili viatu vya binamu viingie.

Kisha Nairobi, joto kali, vumbi la Outering Road, moshi wa mahindi ya kuchoma kwenye steji. Kwetu mlango ulikuwa wazi na mama amesimama hapo. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakala, wakashukuru Mungu, wakauliza nimewaletea nini. Niliwapa chokoleti na sabuni, wakafurahi. Siwalaumu. Zawadi ni heshima, na aliyechanga ana haki ya kukumbukwa.

Ila mzee mmoja wa ploti, mstaafu wa reli, hakuuliza zawadi. Alingoja watu wapungue, akavuta kigoda karibu.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema, "taka zao huzipeleka wapi?"

Nikamweleza. Kwenye jumba letu la wanafunzi kulikuwa na pipa la karatasi, pipa la mabaki ya chakula, pipa la vifungashio na pipa la yaliyobaki. Chupa za glasi zilikuwa na kontena zake barabarani, nyeupe mbali, kijani mbali, kahawia mbali. Chupa nyingi za plastiki za vinywaji unazilipia senti 25 dukani, na ukirudisha chupa unarudishiwa senti zako, kwa hiyo ni nadra kuiona imetupwa.

"Na anayekataa kutenganisha?"

Nikamwambia pipa lake linaweza kuachwa bila kuzolewa, na majirani watamwuliza.

"Majirani," akasema, akiitikia kwa kichwa. "Basi hilo hata sisi tunaliweza."

Hakuuliza kwa udadisi tu. Mjukuu wake anaishi Dandora, ambako jaa la jiji limekuwa likipokea taka tangu miaka ya 1970 na lilishatajwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Kwa mzee yule, swali la taka lilikuwa swali la afya ya mjukuu.

Aliniambia jambo jingine: nisiseme kitu kabla sijakwenda kuona waliokwishaanza. Nikaenda Dandora. Nilikuta nyua ambazo zamani zilikuwa madimbwi na marundo ya taka, sasa zina rangi kwenye kuta, maua kwenye matairi ya zamani na watoto wanaocheza. Ni kazi ya vijana wa huko, wakiwemo wa Dandora Transformation League, ambao kwa miaka kadhaa wameshindanisha nyua kwa usafi na kuwashawishi wakazi walipie ulinzi na uzoaji wa taka. Hakuna aliyewangoja mtaalamu kutoka Ulaya. Nilichokuwa nacho mimi, yaani utaratibu wa mapipa na ile amana ya chupa, kilikuwa na maana kwao kwa sababu tayari walikuwa kazini na walijua pale wanapokwama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayerudi haleti nuru gizani. Anajiunga na kazi inayoendelea, akiwa na kitu kimoja au viwili ambavyo waliobaki hawajapata nafasi ya kuviona. Akija na dharau, kila sentensi ikianza kwa "kule kwetu Ujerumani", watu watamsikiliza kwa adabu kisha waendelee bila yeye, na watakuwa wamefanya vyema. Akinyamaza kabisa kwa kuogopa kuitwa mwenye maringo, nako ni kuwanyima watu kilicho chao.

Ya kufanya

Nina mambo manne ya kuomba, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kwa kamati za mchango. Zisivunjwe siku ya ndege. Tangu mwanzo ziweke tarehe ya kikao kingine, mwezi mmoja baada ya msafiri kurudi, na ajenda iwe mbili tu: aeleze alichojifunza, na mtaa umpe jambo la kufanya. Aliyesomea uhasibu apewe vitabu vya chama avikague. Aliyesomea ualimu apewe watoto wa sekondari msingi, awasaidie hisabati. Wakubwa waje na maswali, kama yule mzee.

La pili ni mahali. Kaloleni na Makadara zina maktaba za umma, matawi ya Maktaba ya McMillan, ambazo zimekarabatiwa kwa juhudi za Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Mitaa yetu ya zamani ina kumbi za jamii. Tukitenga Jumamosi moja kila robo ya mwaka kwa waliorudi kuzungumza na wanafunzi wa vidato vya juu wa Ofafa Jericho, Eastleigh High na shule za jirani, vijana watajua ng'ambo ni nini kabla ya kudanganywa na mawakala wa viza wanaowala wazazi pesa.

La tatu ni kwa vyuo vyetu. Niliporudi, masomo niliyofaulu kule yalikaa muda mrefu bila kuhesabiwa, na nilizungushwa ofisi hadi ofisi na karatasi ya alama mkononi. Wenzangu wengi wamepitia hayohayo, na wapo waliorudia muhula mzima. Chuo kinachotia saini mkataba wa kubadilishana wanafunzi kiandike kabla ya safari ni masomo gani yatakubaliwa, na kiutimize mkataba huo mwanafunzi akirudi. Mzazi aliyekopa asilipie somo lilelile mara mbili.

La nne ni kwako unayerudi mwezi huu au ujao. Huenda ukajisikia mgeni kwenu kwa muda. Rafiki zako wameendelea, Sheng imepata maneno mapya, nauli imepanda, na hadithi zako zinachosha upesi kuliko ulivyotarajia. Usijifungie ukitazama picha za kule. Tafuta walio kazini: wanaosafisha Mto Nairobi, wanaofundisha watoto kusoma, wanaopigania mabomba ya maji au haki ya wapangaji wa nyumba za zamani zinazobomolewa kupisha maghorofa. Nenda Jumamosi asubuhi, vaa gambuti, uliza kazi iko wapi, na ukiulizwa ulichokiona, kiseme chote bila kukitia chumvi. Mama mboga aliyetoa mia mbili zake ili uende atakuwa amepata haki yake.